Mbegu Zisizofanana: Barua ya Wazi kwa Wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki

Waheshimiwa Wabunge,

Katika sheria za mbegu za nchi zetu nyingi kuna mtihani wenye maswali matatu. Aina mpya ya zao ikitaka kuandikishwa na kulindwa, huulizwa: je, ni tofauti na aina nyingine zinazojulikana? Je, mimea yake yote inafanana? Je, itabaki hivyohivyo kizazi baada ya kizazi? Utofauti, ufanano na uthabiti. Mtihani huo ulienezwa na mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Paris mwaka 1961, unaojulikana kwa kifupi UPOV, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2015. Na swali la kwanza sina ugomvi. La pili na la tatu ndiyo sababu ya barua hii. Zikifanywa kipimo cha kila mbegu inayoruhusiwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, sifa hizo mbili zitakiharamisha kitu kilekile ambacho kimeyaokoa mazao ya ukanda huu zaidi ya mara moja. Ninyi ndio mtakaopiga kura juu ya namna ya kuoanisha sheria za mbegu za nchi 8 za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo naiweka hoja hii mbele yenu mapema, kabla maneno hayo mawili hayajapewa nguvu ya kuvuka mipaka.

Msingi wake ni wa kibayolojia, na hauhitaji maabara kueleweka. Kiumbe hakibadiliki kwa sababu kinahitaji kubadilika. Mhindi haujiongezei mizizi kwa kuona mawingu yamechelewa, wala mgomba haujitengenezei dawa baada ya kuugua. Shambani pakiwa na mimea elfu moja iliyotofautiana vinasaba, ugonjwa ukiingia mingi hufa, mingine hudumaa, michache husimama, na mbegu za hiyo michache ndizo zinazobeba msimu unaofuata. Uteuzi wa asili kazi yake ni kuchagua tu, na pasipo na cha kuchagua hauna la kufanya. Ni kweli kwamba jeni mpya huzuka, lakini huzuka kwa bahati na polepole mno, ilhali vimelea vinazaliana kwa kasi ya kutisha. Ukungu unaweza kupitia vizazi vingi katika msimu ambao ngano imepitia kimoja. Mmea hauwezi kushinda mbio hizo. Kinga yake iko katika tofauti zilizokuwepo kabla maradhi hayajafika, na nyingi kati ya hizo, mwaka mmoja kabla, hakuna aliyeona faida yake.

Historia ya kufanana inajulikana. Ireland ya miaka ya 1840 maskini waliishi kwa viazi, na kwa sehemu kubwa kwa aina moja tu iliyoitwa Lumper. Kiazi hupandwa kwa kiazi, hivyo mashamba yote yalikuwa kama mmea mmoja uliokatwakatwa vipande mamilioni. Ugonjwa wa bakajani ulipotua mwaka 1845 haukukuta kizuizi. Watu wapatao milioni 1 walikufa na wengine zaidi ya milioni 1 wakahama, ingawa siasa za njaa ile nazo zina lawama yake. Msidhani ni kisa cha watu wasio na sayansi. Mwaka 1970 Marekani, yenye wataalamu wengi wa mahindi kuliko nchi nyingine yoyote, ilipoteza takriban asilimia 15 ya mahindi yake kwa ukungu mmoja wa majani, kwa sababu zaidi ya asilimia 80 ya mbegu chotara zilizopandwa zilikuwa na asili ileile kwa upande wa mama. Kampuni ziliipenda asili hiyo kwa kuwa iliziondolea gharama ya kung'oa mbelewele kwa mikono. Kilichowatoa shimoni ni kwamba mbegu za asili nyingine zilikuwa bado zipo, wakazirudia.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo, maana kisa kikubwa kuliko hivyo kimo ndani ya Jumuiya, nacho ni cha mhogo. Katika milima ya Usambara Mashariki nchini Tanzania, mahali panapoitwa Amani, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, kikaendelezwa na Waingereza. Miaka ya 1930 mtaalamu wa magonjwa ya mimea H. H. Storey na wenzake walikuwa wakihangaika na ugonjwa wa batobato, ule unaokunja majani ya mhogo na kuyatia mabaka ya njano mpaka shina linabaki na mizizi isiyofaa kitu. Walitafuta ukinzani katika aina nyingi za mhogo na hawakuridhika na walichokipata. Wakageukia jamaa wa mhogo anayeitwa Manihot glaziovii, mti wa Brazili uliokuwa umeletwa kwa ajili ya utomvu wa mpira. Mti huo hauna mzizi wa kuliwa, na yeyote aliyepima mimea kwa mazao yake angeung'oa. Wao waliuchavusha na mhogo, wakapata machotara yenye mizizi ya miti, wakayarudisha kwa mhogo tena na tena, mara ya tatu wakapata mmea unaolika na wenye ukinzani. Ni kazi ya miaka zaidi ya 20, na ilipofungwa mwaka 1957 hakuna aliyeona kwamba imebadilisha dunia.

Ila mbegu zake zilikuwa zimesafiri. Mmea mmoja uliotokana na kazi ya Amani ulifika Ibadan, Nigeria, na miaka ya 1970 watafiti wa taasisi ya kimataifa ya IITA wakautumia kuzalisha aina mpya za mhogo. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, nchini Uganda kukazuka batobato kali isiyowahi kuonekana. Virusi viwili vilikuwa vimebadilishana vipande vya vinasaba vyao na kuzaa cha tatu, kikali kuliko wazazi wake. Ugonjwa ulisonga kilomita zipatazo 20 kwa mwaka, ukibebwa na nzi weupe. Mashariki mwa nchi wakulima walikuwa wamependa sana aina moja iitwayo Ebwanateraka, na ilifagiliwa. Vijiji vizima viliacha kulima mhogo, na njaa ikafuata. Aina zilizorudisha mhogo Uganda, zilizopewa majina Nase 1, Nase 2 na Migyera, zilitoka Ibadan, na ukinzani wake asili yake ni ule mti wa mpira wa Amani. Tofauti iliyohifadhiwa Tanganyika kwa sababu za zamani ililisha watu wa Teso, mashariki mwa Uganda, miaka 50 baadaye.

Kisa hakikuishia hapo, na sehemu inayofuata ndiyo hasa ningependa ikae mezani kwenu. Kuanzia takriban mwaka 2004 ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia, ulipanda kutoka ukanda wa pwani, ulikoandikwa na Storey mwaka 1936, ukaingia Uganda na nchi za Maziwa Makuu. Huu hujificha. Majani yanaweza kuonekana mazima, mkulima akachimba na kukuta mzizi umeoza kahawia kama mbao iliyolowa. Nyingi kati ya aina zilizoishinda batobato zikashindwa na huu. Ukinzani wake ulikuwa wapi? Sehemu ya jibu ilikuwa katika mashamba ya wakulima. Mmoja kati ya miche ya Amani, uliopewa namba 46106/27, ulikuwa umebaki mikononi mwa watu kwa majina mawili, Kaleso nchini Kenya na Namikonga nchini Tanzania. Vinasaba vyao vilipopimwa vilionekana ni vilevile. Leo Namikonga ni miongoni mwa wazazi wanaotegemewa na watafiti wa mhogo Tanzania katika kupigana na michirizi ya kahawia. Kituo kilichouzaa kilikuwa kimeacha kazi hiyo miaka mingi nyuma. Walioendelea kuupanda, wakaugawiana bila cheti chochote, ni wakulima.

Tazameni Ebwanateraka na Namikonga pamoja. Ile ya kwanza inaonyesha kwamba wakulima wenyewe wanaweza kuvutwa na ufanano, kwa ladha, kwa soko au kwa urahisi, na kwamba mbegu ya kienyeji si hirizi. Ya pili inaonyesha kwamba pale watu walipokuwa huru kubaki na mbegu isiyotakiwa na yeyote, ilibaki. Anayeniambia mkulima siku zote ni mlinzi wa bioanuwai ananidanganya, sawa na anayeniambia ni mjinga anayepaswa kufundishwa mbegu. Ninachodai ni kidogo kuliko hayo: hakuna taasisi moja, iwe ya serikali, ya kampuni au ya kijiji, inayoweza kujua leo ni tofauti ipi itakayohitajika baada ya miaka 40. Kwa hiyo sheria isimpe mtu mamlaka ya kuzifuta.

Mhogo si zao la peke yake. Mwaka 1998 nchini Uganda ilionekana kutu ya shina ya ngano iliyovunja ukinzani uliotegemewa duniani kote, ukinzani ambao wazalishaji wa mbegu walikuwa wameutoa katika nafaka ya rai na kuuingiza katika ngano za mabara mengi, wakidhani kazi imekwisha. Ikaitwa Ug99. Tangu mwaka 2005 ngano za dunia zinaletwa Njoro, Kenya, zioteshwe kwenye kutu hiyo, na sehemu kubwa kabisa ya zilizoletwa ziliugua. Zilizosalimika ndizo zilizozaa aina za leo. Septemba 2011 Bomet, Kenya, kukaonekana ugonjwa angamizi wa mahindi unaoitwa kwa kifupi MLN, virusi viwili vinavyoshirikiana kuukausha mhindi ukiwa umesimama. Karibu mbegu zote zilizokuwa zikiuzwa madukani zilikuwa dhaifu mbele yake. Kituo cha majaribio kikafunguliwa Naivasha mwaka 2013, maelfu ya mahindi yakapimwa, na miongoni mwa yaliyoonyesha ukinzani wa kweli yalikuwemo yaliyotoka Thailand, nchi ambayo hakuna mkulima wa Bomet aliyewahi kuifikiria kama ghala lake.

Kahawa nayo ina somo linalowahusu ninyi kama Jumuiya. Ugonjwa wa chulebuni ulionekana kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1922. Aina ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 ili kuushinda, ilipata sehemu ya ukinzani wake kwa kahawa iitwayo Rume Sudan, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Boma, Sudan Kusini. Wakati huo hakuna aliyeota kwamba Sudan Kusini na Kenya zingekaa katika bunge moja. Na robusta ya Uganda, ambayo haijichavushi yenyewe na hivyo kila mche wa mbegu ni tofauti na mwenzake, ilipovamiwa na mnyauko fuzari kuanzia mwaka 1993 karibu nusu ya mibuni ilikufa. Miche inayosambazwa sasa dhidi ya mnyauko huo imetokana na mibuni iliyoonyesha ukinzani. Hebu fikirini ingekuwaje kama robusta yote ingekuwa imepita mtihani wa ufanano mwaka 1992.

Naomba niondoke shambani kidogo niingie zizini. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, mdogo na asiye na nyama ya kujivunia, ana uwezo ambao madaktari wa mifugo wanauonea wivu: anastahimili minyoo ya tumbo inayowaua kondoo wengine. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 wafugaji walihimizwa kumchanganya na dorper mkubwa kutoka Afrika Kusini, wengi wakaendelea kuchanganya bila mpaka, na leo kumpata mwekundu asiyechanganywa ni kazi. Katika miaka ya mvua nzuri na dawa za kutosha dorper analipa, hilo halina ubishi. Minyoo inapozoea dawa, na imeanza kuzizoea, tutamtafuta yule mdogo.

Sasa turudi kwenye swali la nani anashika tofauti hizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya takwimu za wakulima wadogo wa nchi 5 za Afrika, zikiwemo Kenya, Kongo na Sudan Kusini, pamoja na Haiti, ulikuta kwamba asilimia 90 ya mbegu zao zinatoka nje ya mfumo rasmi: akiba ya nyumbani, majirani, na zaidi ya yote soko la karibu. Rwanda wakulima wana mila ya kupanda maharage mchanganyiko, rangi na maumbo kwa makumi katika shamba moja, kila mchanganyiko umepangwa kwa udongo na mvua ya mahali pake. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 vituo vya utafiti vya kimataifa viliandaa mradi wa kuirudishia nchi mbegu zake, kwa hofu kwamba zimepotea. Kilichoonekana ni kwamba tofauti nyingi za maharage hazikupotea. Watu waliorudi walizipata kwa ndugu, kwa majirani na sokoni. Mfumo tunaouita si rasmi ulikuwa umestahimili kuanguka kwa dola.

Na ni mfumo huo ambao sheria zimeuwinda. Nchini Kenya, Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ilivyorekebishwa mwaka 2012 iliweka adhabu ya hadi miaka 2 jela au faini ya shilingi milioni 1 kwa kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijaandikishwa na kuthibitishwa. Ilibidi wakulima wadogo waende mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu huko Machakos ikavitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha katiba. Kwingineko katika Jumuiya mkulima anategemea huruma ya mkaguzi, jambo ambalo si haki. Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za vinasaba vya mimea kwa chakula na kilimo, wa mwaka 2001, unazitambua haki za wakulima katika ibara yake ya 9, lakini unaziachia serikali kuzitekeleza. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2018 kuhusu haki za wakulima linataja wazi haki ya mbegu. Mkitunga sheria isiyosema neno juu ya mambo haya, ukimya wenu utasomwa na mahakimu wa nchi 8 kila mmoja kwa namna yake.

Najua mtakayoambiwa na upande wa pili, na si yote ya kupuuzwa. La kwanza ni mbegu feki. Mkulima anayekopa pesa akanunua mfuko wenye nembo nzuri, akapanda nafaka ya kawaida iliyopakwa rangi, ameibiwa msimu mzima, na ninyi mnawajibika kumlinda. Nakubali kabisa. Lakini udanganyifu huo unafanyika ndani ya mfuko wenye nembo, kwa jina la mbegu iliyothibitishwa. Haufanyiki pale mama anapompimia jirani kibaba cha kunde alizoziona zikiota shambani kwake mwaka jana. Palipo na umbali kati ya muuzaji na mnunuzi, wekeni cheti, lebo na ukaguzi. Pale wanapofahamiana, ushuhuda wa jirani unatosha. Tanzania tayari ina daraja la katikati, mbegu za kuazimiwa ubora, ambazo mkulima aliyefunzwa huzizalisha na kuziuza karibu na kwake kwa ukaguzi mwepesi. Tatizo lake ni kwamba aina yenyewe lazima kwanza iwe imepita mlango ule wa ufanano.

La pili ni mavuno. Tunaongezeka, ardhi haiongezeki, na mahindi chotara penye mvua na mbolea yanazidi ya kienyeji kwa mbali. Hili nalo ni kweli, na sijaandika kuomba mbegu chotara zipigwe marufuku. Lakini hao wazalishaji wa chotara wanachanganya nini? Kila mzazi wa chotara ametoka katika tofauti ambazo mtu fulani alizitunza. Kiwanda kinachochoma maghala ya malighafi yake kwa sababu bidhaa inauzika vizuri mwaka huu hakina hesabu. Zaidi ya hapo, wastani wa mavuno si kipimo pekee kwa kaya isiyo na bima. Mtu anayelima ekari 2 katika nchi ya mvua za kubahatisha ana sababu nzuri ya kupendelea shamba linalotoa gunia 6 kila mwaka kuliko linalotoa 15 mwaka mmoja na sifuri mwaka wa pili. Mchanganyiko wake unamnunulia hakika hiyo.

La tatu ndilo zito, na nimeona watetezi wa mbegu za asili wakilikwepa. Mhogo hupandwa kwa vipande vya shina, na kipande kilichotoka kwa jirani kinaweza kuwa kimebeba virusi. Michirizi ya kahawia imesafiri sehemu ya njia yake kwa njia hiyo, mikononi mwa watu wema wanaosaidiana. Migomba na viazi vitamu ni hivyohivyo. Basi, mtaambiwa, zuieni mgawanyo huo. Jibu langu ni kwamba hapa kuna mambo mawili ambayo sheria imeyafunga kitita kimoja. Afya ya mbegu ni jambo moja, ufanano wake ni lingine. Kipando kinaweza kuwa safi bila kufanana na mwenzake, na kinaweza kufanana na milioni nyingine huku vyote vikiwa na ugonjwa. Maabara za utafiti katika nchi zetu zinajua kusafisha virusi kwa kukuza tishu changa za mmea, na zinaweza kuwasafishia wakulima aina zao wenyewe badala ya kuwaletea moja mpya mahali pa zote. Wekeni karantini, pigeni marufuku kusafirisha vipando kutoka wilaya iliyoathirika, lipieni mashamba mama ya vipando safi. Hayo yote yanawezekana bila kumuuliza mkulima kama mihogo yake inafanana. Narudia kuwa mipaka ya afya lazima iwe mikali: tangu mwaka 2013 mnyauko mkali wa migomba wa aina ya nne umethibitishwa kaskazini mwa Msumbiji, upande wa pili wa mto Ruvuma.

Kisha kuna wanaosema tofauti zihifadhiwe, ndiyo, lakini kwenye benki za mbegu. Benki hizo nazitetea. Ghala la mbegu la Svalbard lilipofunguliwa mwaka 2008 wengi waliona ni anasa, na mwaka 2015 watafiti waliopoteza kituo chao Aleppo kwa vita ya Syria walikwenda kuchukua huko nakala za mbegu zao. Lakini wahenga waliosema akiba haiozi hawakuwa wakizungumzia mbegu. Mbegu huoza, hata kwenye baridi, na lazima kila baada ya miaka ipandwe upya na mtu anayelipwa kwa hilo, katika bajeti ambazo ninyi mnajua huanza kukatwa wapi. Aina za mhogo na za migomba ya kuliwa hazihifadhiwi kwa mbegu kavu. Na hata ile isiyooza husimama pale ilipofika siku iliyoingizwa. Virusi vya mwaka 2040 havitakuwa vimekutana nayo. Shambani mambo ni mengine. Katika sehemu kadhaa za Afrika mkulima wa mhogo huiacha miche inayoota yenyewe kutokana na mbegu zilizoanguka, akaitazama, na ule unaompendeza akauingiza katika vipando vyake. Kwa namna hiyo michanganyo mipya huingia shambani bila mradi wala mfadhili.

Wapo pia wanaoamini kwamba uhandisi wa jeni umeifanya hoja hii kuwa ya kizamani. Kenya mwaka 2021 iliidhinisha hatua ya kwanza ya mhogo uliohandisiwa kuzuia michirizi ya kahawia, na sioni sababu ya kuuogopa kwa jina lake. Teknolojia hiyo huufundisha mmea kumtambua adui ambaye tayari tumesoma vinasaba vyake. Adui aliyechanganyika jana usiku, kama yule wa Uganda, hayumo katika somo hilo. Uhandisi unahitaji kujua ni jeni ipi ya kuhamisha, na mahali pa kuikuta ni kwa mmea fulani ambao mtu hakuung'oa.

Ninachoomba kiandikwe katika sheria ya Jumuiya ni hiki. Kutunza, kutumia, kugawa, kubadilishana na kuuza katika soko la karibu mbegu za wakulima zinazouzwa kwa majina yake ya kweli kusiwe kosa, na jambo hilo litajwe kwa maneno, lisiachwe kwa kanuni za waziri. Haki za mgunduzi wa aina mpya zibaki kwa aina yake mpya. Kuwe na daftari la aina za wakulima lisilodai ufanano wala uthabiti, bali maelezo ya asili, mahali na wanaoitunza, ili kesho kampuni isije ikaandikisha kama uvumbuzi wake kitu kilicholimwa Kigoma au Kivu kwa vizazi. Masharti ya afya ya mimea yawe na sura yake peke yake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kuoanisha sheria kunalifanya kuwa la haraka. Katika mifumo ya COMESA na SADC aina iliyoidhinishwa katika nchi 2 inaweza kuuzwa katika ukanda mzima. Kibiashara ni busara. Kibayolojia maana yake ni kwamba aina moja inaweza, kwa idhini mbili tu, kutandazwa kutoka Mombasa hadi Kinshasa, na hakuna ofisi yenye jukumu la kujua wakati eneo hilo limekuwa kubwa mno. Wekeni jukumu hilo mahali. Kila mwaka Jumuiya ichapishe ni sehemu gani ya ardhi ya mahindi, mhogo, ngano na migomba imepandwa aina zipi, na zipi kati yake zinategemea mzazi mmoja au jeni moja ya ukinzani. Wamarekani walipoifanya hesabu hiyo kwa makini, mahindi yalikuwa yameshaharibika.

Kituo cha taifa cha nasaba za mimea cha Tanzania kiko Arusha, mji uleule mnamokutana. Naomba Kamati yenu ya Kilimo, Utalii na Maliasili ikitembelee kabla ya kikao chochote cha kujadili muswada wa mbegu, na iwaombe wanaoyatunza makasha hayo orodha moja: aina zipi kati ya hizi bado zinalimwa na watu, katika kata zipi, na zipi zimebaki kwenye baridi peke yake.

Wenu katika Jumuiya,
Mwananchi mwenzenu